Usiitupe Ngozi: Mkanda Imara Huanza Siku ya Kuchinja

 Ndugu wakulima na wafugaji, jambo tunalozungumza leo ni la wenzetu wa Tukuyu, Kiwira, Masoko, Mwakaleli na Busokelo, huko kwao wilayani Rungwe. Lakini hata wewe uliye Njombe, Kagera au Kilimanjaro, mahali penye ng'ombe, migomba na mvua nyingi, kaa kitako utusikilize. Jambo hili ni lako pia.

Mada yetu ya leo ni mikanda. Naam, mikanda. Usicheke, ndugu mkulima. Hebu simama mlangoni kwako uhesabu. Ng'ombe wa maziwa bandani ana hatamu. Kapu la kuchumia chai lina mikanda miwili ya mabegani. Mfuko wa kuvunia maparachichi una mkanda wake. Bomba la kunyunyizia dawa lina mikanda. Panga lina ala, ala ina kitanzi. Makubazi yana gidamu. Baba ana mshipi kiunoni. Bila mikanda hiyo kazi inasimama.

Sasa jiulize, mikanda hiyo unaitoa wapi, na inadumu muda gani? Wengi wetu tunanunua dukani mkanda unaong'aa. Mvua za masika hazijaisha, juu umechubuka, ndani tunaona karatasi na kitambaa. Au tunamfunga ng'ombe kwa kamba nyembamba ya nailoni, na baada ya wiki chache shingo ina kidonda, nzi wamejaa, maziwa yamepungua. Na siku ileile tunaponunua mkanda wa bandia, jirani amechinja ng'ombe wa harusi au wa msiba, nyama imegawanywa mpaka utumbo, lakini ngozi imeachwa pale chini inavutwa na mbwa.

Hilo ndilo la kuzungumza leo. Ngozi unayoitupa ndiyo mkanda unaoutafuta. Lakini ili iwe mkanda wa kudumu, kazi haianzii kwa fundi viatu. Inaanzia kwenye kisu cha mchunaji, siku ya kuchinja.

KWANZA: NG'OMBE HUYU AMEKUFAJE?

Kabla hatujagusa kisu, onyo moja. Ng'ombe aliyekufa ghafla, hasa ukiona damu isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, usimchune kabisa. Huenda ni kimeta. Ugonjwa huo unaua watu, na vijidudu vyake hukaa ndani ya ngozi na ndani ya udongo kwa miaka mingi. Usimpasue, usigawe nyama, usichukue ngozi. Mwite Bwana Mifugo mara moja, naye atakuelekeza namna ya kumzika kwa kina. Ngozi tunayoisema hapa ni ya mnyama mzima wa afya aliyechinjwa na kukaguliwa.

PILI: KUCHUNA

Ngozi nzuri hutunzwa mnyama angali hai. Kupe huacha matundu madogo, na matundu hayo huonekana baadaye kwenye mkanda kama sindano imepita. Kwa hiyo josho na dawa ya kupe ni kazi ya mtengeneza mikanda pia. Seng'enge na miiba huchana. Chapa ya moto ikipigwa mgongoni inaharibu sehemu ileile iliyo imara kuliko zote. Ukitaka alama, tumia hereni ya sikioni.

Siku ya kuchinja, usimburute mnyama juu ya mawe. Mtundike kama una mti imara au boriti. Pasua ngozi kwa mstari mmoja ulionyooka, kutoka kooni kupitia katikati ya kifua na tumbo mpaka mkiani, kisha ndani ya miguu. Tumia kisu chenye ncha ya mviringo, si kisu kilichochongoka. Ukishapata mwanzo, weka kisu chini, sukuma kwa ngumi. Ngozi ya ng'ombe mwenye joto bado inaachia vizuri sana kwa ngumi.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Kwa sababu kisu kikikosea hakitoboi kila mara. Mara nyingi kinakata nusu ya unene upande wa nyama, na wewe huoni. Unaenda kukata mkanda, unauvaa, unaupenda. Siku ng'ombe anaposhtuka na kuvuta, mkanda unakatika pale pale penye alama ya kisu. Fundi atalaumiwa, kumbe kosa ni la mchunaji.

TATU: USIIACHE ILALE

Ngozi mbichi ni nyama tu, ndugu mkulima. Inaanza kuoza saa chache baada ya kuchunwa. Ukiilaza imekunjwa usiku mmoja, kesho utaona manyoya yanachomoka kwa mkono. Hiyo tayari imeharibika.

Tukuyu ina shida yake. Kwenye miteremko ya Mlima Rungwe mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na inanyesha tangu Novemba mpaka Mei. Mfugaji wa Dodoma akiwamba ngozi yake, upepo mkavu unamsaidia. Wewe wa Rungwe ukiwamba mwezi Aprili, unaizamisha kwenye ukungu. Kwa hiyo una njia tatu, na unachagua kwa majira.

Njia ya kwanza ni ya kiangazi, Juni hadi Oktoba. Osha damu na kinyesi, futa nyama na mafuta yaliyobaki, kisha iwambe kwenye fremu ya mianzi au miti, fremu iwe kubwa kuliko ngozi. Funga kamba pembeni pande zote, ngozi ikae wima hewani, isivutwe kupita kiasi. Weka chini ya banda lenye paa lisilo na kuta. Kivuli na upepo ndivyo vinavyokausha, si jua. Ukianika juu ya ardhi juani, ngozi inaungua ndani. Kwa macho inaonekana kavu na ngumu, lakini ukiitia maji inageuka kuwa gundi. Vivyo hivyo usiitundike juu ya moto wa jikoni.

Njia ya pili ni chumvi, nayo inafaa wakati wa mvua. Tandaza ngozi kwenye mbao zilizoinama kidogo, upande wa nyama ukiangalia juu, ili maji yachuruzike. Mwagia chumvi yenye uzito wa theluthi moja ya ngozi. Ngozi ya kilo 15 inataka chumvi kilo 5. Sugua mpaka pembeni na kwenye shingo.

Njia ya tatu ndiyo rahisi kwa mwenye vifaa tayari: usikaushe kabisa. Osha, kisha peleka moja kwa moja kwenye pipa la chokaa.

NNE: KUONDOA MANYOYA

Kama ngozi ilikauka, iloweke kwanza kwenye maji safi siku moja au mbili mpaka irudi laini kama siku ya kuchinja. Ya chumvi pia ioshwe vizuri.

Sasa chukua pipa la plastiki au la mbao. Usitumie pipa la chuma. Tutaona sababu mbele. Kwa ngozi ya kilo 15, koroga chokaa iliyokwisha kuzimwa kilo 1 na nusu katika maji lita 60. Tumbukiza ngozi izame yote, uigeuze kila siku kwa mti. Chokaa inachoma ngozi ya mtu na macho, kwa hiyo vaa glavu, na watoto wasikaribie. Katika baridi ya Tukuyu kazi hii inaweza kuchukua siku 7 hadi 10. Dalili ya kuwa tayari ni manyoya kutoka kwa kuvutwa na vidole tu.

Itandaze juu ya gogo la mviringo. Kwangua manyoya kwa mgongo wa kisu. Geuza upande wa pili, kwangua nyama yote. Kisha osha kwa maji safi mara tatu, ukibadilisha maji. Chokaa ikibaki ndani, mkanda wako utakuwa mgumu na utapasuka. Wazee wa kazi hii hutumia pumba kuitoa: kilo 1 ya pumba katika lita 30 za maji ya uvuguvugu, ikae siku moja ichachuke, kisha ngozi ilale humo usiku mmoja. Ukiishika asubuhi, ule utelezi wa sabuni umekwisha.

Usimwage maji ya chokaa mtoni. Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote zinateremka Ziwa Nyasa, na wenzako wa chini wanakunywa maji hayo. Chimba shimo mbali na mfereji na kisima. Manyoya uliyoyakwangua yatie kwenye mboji, ni mbolea.

TANO: GOME LA MIWATI

Hapa ndipo ngozi inageuka kuwa ngozi ya mkanda. Miti mingi ina kitu kinachoitwa tanini. Ni kile kinachokausha ulimi unapotafuna gome au pera bichi. Tanini ikiingia ndani ya ngozi inashikana na nyuzi zake, na vijidudu vya kuozesha haviwezi tena kuzila. Maji yakiingia, ngozi inalowa lakini haiozi upesi, wala haigeuki gundi.

Kati ya miti yote tunayoifahamu, miwati ni tajiri sana kwa tanini. Asili yake ni Australia, na kwetu Nyanda za Juu Kusini imeenea vizuri. Kule Njombe kampuni ya miwati ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya gome hilohilo. Wengi wetu tunakata miwati kwa kuni na mkaa, gome tunaliacha. Kumbe karibu theluthi moja ya uzito wa gome kavu ni tanini! Ila ukitaka kuipanda, ipande mbali na chemchemi na kingo za mito, maana inasambaa haraka na inakunywa maji mengi.

Bandua gome la mti uliokatwa ungali mbichi, likaushe kivulini, kisha liponde kwenye kinu mpaka liwe vipande vidogo. Kwa ngozi ya kilo 15 tayarisha gome kavu kilo 15. Lakini usilitie lote mara moja. Hili ndilo kosa linaloharibu ngozi nyingi za vijijini. Maji makali ya gome yakiikuta ngozi mbichi, yanafunga upande wa nje haraka, ndani panabaki pabichi. Mkanda huo utaoza katikati huku nje ukionekana mzuri.

Fanya hivi. Wiki ya kwanza, gome kilo 3 katika maji ya kuzamisha ngozi. Igeuze kila siku. Wiki ya pili na ya tatu, ongeza kilo 5. Kuanzia wiki ya nne, ongeza kilo 7 zilizobaki, uiache, ukiigeuza mara moja moja. Ngozi ya mbuzi huiva kwa wiki mbili hivi. Ya ng'ombe inataka wiki sita hadi nane. Haraka haraka haina baraka.

Utajuaje imeiva? Kata kipande kidogo pembeni ya shingo, mahali penye unene, uangalie ule ukingo uliokatwa. Ukiwa na rangi ya kahawia moja kutoka juu hadi chini, imeiva. Ukiona mstari mweupe katikati, rudisha pipani.

Na pipa la chuma tulilikataa kwa nini? Kwa sababu tanini ikikutana na chuma inatoa rangi nyeusi kama wino. Ngozi inapata madoa, na mahali hapo inadhoofika.

SITA: MAFUTA YA MAKONGORO

Ngozi iliyotoka pipani ioshwe, ikamuliwe, itundikwe kivulini. Ikiwa imekauka nusu, ndiyo saa ya kupaka mafuta. Ikikauka kabisa bila mafuta itakuwa ubao.

Mafuta mazuri unayo jikoni. Unapochemsha makongoro kwa muda mrefu, yale mafuta mepesi yanayoelea juu ya supu hayagandi upesi hata kwenye baridi. Hayo yana sifa ya kupenya ndani ya ngozi. Yaengue kabla hujatia chumvi, changanya na shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa, yakiwa na uvuguvugu yasugue pande zote mbili. Kisha ivute ngozi huku na huku juu ya ukingo wa mti, kila siku, mpaka ikauke ikiwa laini. Usitumie oili chafu ya gari. Inaozesha uzi, inachafua nguo na kuunguza ngozi ya mnyama.

SABA: KUKATA

Ngozi moja haina nguvu sawa kila mahali. Mgongo, kuanzia mabegani hadi matakoni, ndio imara. Tumbo linavutika. Shingo ina mikunjo na ni nene bila nguvu. Kwa hiyo mikanda ya kazi nzito, kama hatamu, ikatwe mgongoni, kwa kufuata uti wa mgongo. Tumbo litoe ala za panga, vipande vya kuongeza na viraka.

Piga hesabu kidogo. Kipande cha mgongo chenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60 kinatoa mikanda 20 ya upana wa sentimita 3. Hata ukikosea miwili mitatu, umebakiwa na mikanda ya familia na ya jirani.

Ukitaka ugwe mrefu wa kufungia au kusukia, kata duara. Anzia pembeni ukizunguka kwenda ndani, kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Duara la kipenyo cha sentimita 40, ukikata ugwe wa sentimita 1, linakupa zaidi ya mita 12 bila kiungo hata kimoja.

NANE: KUSHONA

Vifaa ni vichache: msharasi wa kutobolea, sindano mbili, uzi wa katani au wa pamba, na nta ya nyuki. Sugua uzi kwa nta mpaka uteleze. Nta inazuia maji na inakaza fundo.

Mshono wa kudumu ni wa sindano mbili kwa uzi mmoja. Kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili, moja ikitoka kulia, nyingine kushoto, kisha unakaza. Uzi wa upande mmoja ukikatika, wa upande wa pili bado unashikilia. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja, wote unafumuka. Nafasi kati ya tundu na tundu iwe kama milimita 5. Ukisogeza karibu sana, utakuwa umechora mstari wa kuchania.

Matundu ya kupitisha kijiti cha bizimu yawe ya mviringo, yapigwe kwa patasi ya bomba. Usipasue kwa ncha ya kisu. Mpasuko unaendelea kuchanika. Duara halichaniki upesi. Bizimu na pete ziwe za chuma kisichoshika kutu au za shaba, kwa sababu kutu na tanini, kama tulivyosema, haviivani.

TISA: MKANDA WA NYUZI NAO UNA MAHALI PAKE

Huenda ukauliza, je, kila mkanda uwe wa ngozi? Hapana, na hapa tusikilizane vizuri.

Ngozi inanyonya. Ikinyonya mafuta ni faida. Ikinyonya dawa ya kuua wadudu ni hatari, maana huwezi kuiosha ikatoka. Kila unapobeba bomba, jasho na mvua vinaitoa dawa ile kidogo kidogo na kuipeleka begani kwako. Kwa hiyo mikanda ya bomba la dawa isiwe ya ngozi kamwe. Iwe ya nyuzi, mipana, unayoweza kuifua kwa sabuni kila baada ya kazi. Bomba lenye lita 15 lina uzito wa kilo 15 za maji peke yake. Mkanda uwe na upana wa sentimita 4 au 5, vinginevyo utakata bega. Na mkanda uliobeba bomba usiufunge tena kwenye kapu la chakula wala kumbebea mtoto.

Mkanda wa nyuzi unaupata wapi? Tukuyu iko kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Malawi, magari hayakosi, gereji pia zipo. Mkanda wa kiti wa gari lililokufa ni nyuzi imara sana. Ukate kwa kisu, choma ukingo kidogo kwa moto ili nyuzi zisifumuke, shona kwa mshono wetu ule wa sindano mbili. Kama umechanika au umefifia kwa jua, uache.

Ukipenda wa asili, suka katani. Gawa nyuzi mafungu matano, suka bapa kama ukili, si mviringo kama kamba. Mkanda wa katani unafaa kapu la chai na mfuko wa maparachichi, lakini uanikwe kila ukilowa, kwa kuwa katani ikikaa na unyevu inaoza. Na nyuzi za mgomba je? Za mgomba ni za siku moja: kufungia mzigo wa majani au mkungu wa ndizi. Usimfungie ng'ombe. Zikilowa zinaachia, naye atakula mahindi ya jirani, nawe utaitwa barazani.

KUMI: HATAMU YA NG'OMBE WA MAZIWA

Tumalizie na kazi iliyo muhimu kuliko zote. Ng'ombe wa maziwa ndiye ada ya shule na matibabu ya nyumba nyingi za Rungwe. Kamba ya unene wa milimita 8 inapovutwa, nguvu yote inakaa kwenye mstari mwembamba. Mkanda bapa wa milimita 32 unaisambaza nguvu ileile mara nne zaidi. Ndiyo sababu kamba inakata na mkanda hauchubui.

Pima shingo ya ng'ombe wako kwa uzi, ongeza sentimita 25 za kukunjia na za matundu. Lainisha kingo kwa kipande cha chupa, kisha kwa kitambaa chenye nta. Mshono na bizimu visikae juu ya mfupa. Ukishamvika, ingiza vidole viwili bapa chini ya mkanda. Visipoingia, unambana. Kiganja kizima kikiingia na kucheza, atachomoa kichwa au kunasa kwato. Ndama anakua, kwa hiyo mpime kila wiki. Ndama aliyesahauliwa na mkanda wa mwaka jana mkanda unamwingia nyamani.

UTUNZAJI

Mkanda uliolowa usiukaushe juani wala jikoni. Futa matope, tundika kivulini, ukikaribia kukauka upake mafuta kidogo. Wakati wa mvua fanya hivyo kila mwezi. Ukungu mweupe ukitokea, futa kwa kitambaa kikavu, anika kwenye upepo, paka mafuta. Uzi mmoja ukikatika, shona leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KAZI YA KIKUNDI

Mkulima mmoja anachinja mara ngapi kwa mwaka? Pengine hata mara moja hachinji. Lakini kijiji kizima kinachinja. Ndiyo maana kazi hii inafaa kikundi. Watu kumi wakiwa na mapipa mawili, msharasi mmoja na banda moja, ngozi za misiba na harusi zote zinapata mwenyewe. Kubalianeni mapema na wachunaji wa kijijini, muwafundishe kisu cha mviringo na ngumi. Fundi viatu wa sokoni awe mwalimu wenu wa kushona.

Tunasema hivi kwa kuwa mfugaji hawezi kukaa akimsubiri mnunuzi. Miaka ya 1970 na 1980 taifa lilikuwa na viwanda vya umma vya ngozi Mwanza, Moshi na Morogoro. Katika miaka ya 1990 viwanda hivyo vya umma vilifungwa au kuuzwa. Tangu katikati ya miaka ya 2010 bei ya ngozi ghafi imeshuka duniani, kwa sababu viatu na mikoba mingi sasa hutengenezwa kwa plastiki. Anayengoja lori la ngozi atangoja sana. Lakini hatamu ya ng'ombe inatakiwa kijijini kila siku, na mnunuzi wake ni jirani yako.

Mnaotaka mafunzo zaidi, waulizeni SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo lina ofisi Mbeya. Kijana anayetaka kuisomea kazi hii kabisa, kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inafundisha teknolojia ya ngozi. Na kwa afya ya mnyama na ngozi yake, Bwana Mifugo au Bibi Mifugo wa kata yako yupo kwa ajili hiyo.

KUMBUKA

1. Ng'ombe aliyekufa ghafla usimchune.
2. Kisu cha mviringo na ngumi. Usikate nusu ya unene.
3. Kausha kivulini, au tia chumvi, au peleka pipani siku ileile.
4. Gome la miwati kidogo kidogo, wiki sita hadi nane. Angalia ukingo uliokatwa.
5. Pipa lisiwe la chuma.
6. Mgongo ni wa mikanda, tumbo ni la ala.
7. Sindano mbili, uzi mmoja, nta ya nyuki.
8. Ngozi kwa ng'ombe, nyuzi kwa bomba la dawa.
9. Vidole viwili chini ya hatamu.

Basi, ndugu mkulima, safari ijayo ng'ombe akichinjwa kijijini kwako, nyama inapogawanywa, wewe uliza: ngozi anaichukua nani? Kama hana mwenyewe, beba pipa lako uende.